Namba ya AFP ni ya damu ya nani?

Hotuba ya mtaalamu wa maabara mbele ya wananchi mjini Moshi, kuelekea Siku ya Homa ya Ini Duniani, 28 Julai

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni.

Ahsanteni kwa kuja na baridi hii ya Julai, hasa ninyi mliotoka Rombo na Siha, ambao najua mmepanda gari kukiwa bado giza. Nimeombwa nizungumze kuhusu vipimo vya damu vya saratani ya ini. Mimi ni mtu wa maabara; kazi yangu ni damu, na watu wa maabara huwa hatuitwi kwenye majukwaa. Nimekubali kwa sababu kuna jambo linaniumiza, na ni afadhali nilisemee hapa mbele ya watu wengi kuliko kuendelea kulinong'ona dirishani kwa mgonjwa mmoja mmoja.

Watu wanatujia na karatasi za majibu. Kwenye karatasi kuna herufi tatu, AFP, na mbele yake namba. Baba mmoja namba yake ilikuwa 3. Alikuwa ameshawatangazia ndugu kwamba ini lake ni zima, mambo yamekwisha. Mama mmoja namba yake ilikuwa 34. Huyo alikuwa hali wala halali, na mdogo wake alikuwa ameanza kuulizia nauli ya Dar es Salaam. Wote wawili walikuwa wamesomewa vibaya. Yule baba alikuwa anaishi na kirusi cha homa ya ini B, na hakuna aliyewahi kumpima kirusi hicho. Yule mama alikuwa na mimba ya miezi minne, na hakuna aliyemuuliza. Mwenye kuhitaji uangalizi wa maisha alirudi nyumbani anacheka, na mwenye afya yake alirudi analia.

Namba ya AFP haina maana mpaka ujue ni damu ya nani. Hilo ndilo lililonileta hapa.

AFP ni kifupi cha alfa-fetoproteini. Ni protini, na kila mmoja wetu humu ukumbini aliwahi kuwa nayo kwa wingi, akiwa tumboni mwa mama yake, kwa sababu ini la mtoto ambaye hajazaliwa ndilo linaloitengeneza. Mtoto akishazaliwa, ini linaiacha kazi hiyo polepole, na akifikisha umri wa mwaka mmoja hivi inakuwa imebaki kidogo sana. Kwa mtu mzima asiye na mimba, maabara nyingi hutarajia iwe chini ya nanogramu 10 katika mililita moja ya damu.

Watafiti wawili wa Sweden, Bergstrand na Czar, waliiona protini hii katika damu ya watoto walioko tumboni mwaka 1956. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake, kule Moscow, wakaikuta kwa panya wakubwa wenye saratani ya ini. Walishangaa, maana panya mkubwa hakutakiwa kuwa nayo tena. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa wagonjwa, binadamu kama sisi. Kwa hiyo tangu 1964 dunia inajua kwamba seli ya saratani ya ini inaweza kurudia kazi ya utotoni na kuimwaga AFP kwenye damu. Ni ugunduzi mkubwa, na ninauheshimu. Lakini imepita miaka 60 na ushee, na bado watu wanaisoma karatasi ile kana kwamba kila AFP iliyopanda ni saratani na kila iliyo chini ni usalama.

AFP hupanda kwa sababu nyingine pia. Ini likijeruhiwa na kirusi, hujijenga upya, na seli zinazojijenga hutoa AFP. Mtu mwenye homa ya ini iliyochachamaa anaweza kuwa na 50, 100, hata zaidi, asiwe na saratani. Mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kusinyaa, naye vilevile. Mjamzito ana AFP ya mtoto wake. Tena kuna uvimbe wa korodani na wa mifuko ya mayai unaotoa protini hiihii. Kijana wa miaka 25 mwenye AFP ya juu na ini safi, daktari makini atamwambia avue suruali achunguzwe korodani, na asione haya.

Upande wa pili ndio unaonitisha zaidi. Katika kila wagonjwa 10 wa saratani ya ini, watatu au wanne AFP yao haivuki mpaka tunaoutumia kuwashtua madaktari, na uvimbe ukiwa bado mdogo, wakati ambao ungetibika, wanaokosekana ni wengi zaidi. AFP ni kama mbwa wa nyumbani: humbwekea mwizi, humbwekea paka, humbwekea jirani aliyechelewa kilabuni, na kuna usiku mwizi anaingia na mbwa amelala. Hakuna anayemuuza mbwa wake kwa sababu hiyo. Lakini hakuna pia anayempeleka mtu mahakamani kwa sababu mbwa alibweka.

Niwaonyeshe kidogo tunavyofanya, maana mkiielewa namba inakotoka hamtaiogopa wala kuiabudu. Damu yako inachukuliwa kwenye kichupa chenye kifuniko chekundu au cha njano. Inaachwa nusu saa hivi igande. Inaingizwa kwenye mashine ya kuzungusha, na ikitoka, damu nzito imekaa chini na juu kuna majimaji ya rangi ya majani makavu. Kwa mgonjwa ambaye ini limeshindwa, majimaji hayo huwa ya njano nzito, na mimi huwa najua kabla mashine haijasema chochote kwamba huyu ndugu amechelewa kutufikia. Tunayaweka majimaji hayo kwenye mashine yenye kingamwili zinazoikamata AFP peke yake, na mwanga unaotokea ndio unaohesabiwa kuwa namba.

Humo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kipimio. Maabara moja huandika nanogramu kwa mililita, nyingine huandika yuniti za kimataifa, na yuniti moja ni nanogramu 1.2 hivi. Mtu anapima Januari Arusha, anapima tena Julai hapa Moshi, anaona 10 imekuwa 12, anaanza kutetemeka. Hakuna kilichopanda, vipimio ndivyo vilivyotofautiana. Mashine nazo hutofautiana, kwa hiyo ukiweza rudi maabara ileile. Mtego wa pili ni kwamba AFP ikiwa nyingi kupita kiasi, baadhi ya mashine huzidiwa na kutoa namba ndogo ya uongo. Daktari akiona uvimbe mkubwa tumboni na karatasi inasema AFP ya kawaida, atupigie simu, tuizimue sampuli na kuipima upya. Nawaomba madaktari walioko humu, tupigieni. Hatukasiriki.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe.

Chukueni watu 1,000 wanaoshuka stendi yetu ya mabasi leo, wasio na ugonjwa wowote wa ini wanaoujua. Tuseme mmoja wao ana saratani ya ini, na hapo nimezidisha. Tuseme pia kipimo ni kizuri sana kwa watu wazima wa afya, kinakosea kwa mmoja tu kati ya 100. Tukiwapima wote, watu 10 wasio na saratani wataambiwa namba yao iko juu. Na yule mmoja mwenye nayo, kipimo kina nafasi ya takribani asilimia 60 tu ya kumkamata. Tumewatia watu 10 hofu, tumewatoza fedha za picha za ndani ya mwili, altrasaundi na CT, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye huenda bado tumemkosa. Ndiyo maana hakuna mwongozo wa maana unaosema kila mtu apimwe AFP. Nikiona vifurushi vya uchunguzi wa mwili mzima, AFP imepangwa humo pamoja na alama nyingine za saratani, inauzwa kwa mtu yeyote mwenye fedha, bila swali hata moja kuhusu maisha yake, naona tunawakosea watu. Nasema hivyo nikijua kwamba vipimo hivyo ndivyo vinavyolipa mishahara ya watu kama mimi.

Sasa chukueni watu wengine 1,000, wote wana sirosisi. Kwa mwaka mmoja, tuseme 30 kati yao wanapata saratani ya ini. Katika sirosisi hilo ni jambo la kawaida. Tukiweka mpaka wa 20, AFP itawakamata 18 na kuwakosa 12. Na kwa kuwa maini yao yamejeruhiwa, kipimo kitawasumbua bure wengi zaidi, tuseme mmoja kati ya 10, yaani watu 97. Jumla wenye namba ya juu ni 115, na kati yao 18 wana saratani kweli. Karibu mmoja kati ya kila sita. Hapo inafaa kuhangaika. Ukipata namba ya juu katika kundi hili, picha ya CT ni haki yako na wala si kupoteza fedha. Kipimo ni kilekile, mashine ni ileile, mpaka ni uleule; kilichobadilika ni watu waliokaa mbele yetu.

Na wale 12 waliokosekana? Ndiyo sababu damu haiendi peke yake. Kwa wenye sirosisi, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba altrasaundi peke yake huigundua saratani ikiwa bado changa kwa asilimia 45 hivi ya wagonjwa, na ukiongeza AFP inafika asilimia 63. Altrasaundi na AFP, vyote viwili, kila baada ya miezi sita. Miezi sita haikuchaguliwa kwa kubahatisha: uvimbe wa ini mara nyingi huongezeka maradufu kwa muda wa miezi minne hadi sita. Ukikaa miaka miwili, uliyempa nafasi ni ugonjwa.

Katika kufuatilia huko, mwenendo wa namba una uzito kuliko namba moja. Mtu aliyekaa kwenye 40 kwa miaka mitatu ana hadithi tofauti na aliyeanza 8, akaja 15, sasa 31. Huyu wa pili hajafika hata 40, lakini mimi ningempigia daktari wake simu leo.

Na uthibitisho wa mwisho hautoki kwetu maabara. Unatoka kwenye CT au MRI yenye dawa ya mshipani. Saratani hii hunywa damu ya ateri, kwa hiyo dawa ikiingia, uvimbe unang'aa haraka kuliko ini linalouzunguka, kisha unafifia mapema. Kwa mwenye sirosisi au kirusi B cha kudumu, picha ya namna hiyo inatosha kusema ni saratani bila kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha ini cha kupima. Kwa wengine, kinyama kitahitajika.

Kwa hiyo swali la kwanza si AFP yangu ni ngapi. Swali la kwanza ni kama mimi nimo katika watu wanaotakiwa kufuatiliwa. Na hilo nalo linajibiwa na damu, ila kwa kipimo kingine, rahisi, cha tone la kidoleni: HBsAg, kipimo cha kirusi cha homa ya ini B.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na kirusi hiki kwa kudumu. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 kirusi hubaki naye maisha. Mtu mzima akiambukizwa, wengi hukifukuza wenyewe. Wanaobaki nacho hawafiki asilimia 5. Anayekibeba anaweza kukaa miaka 30 hajisikii chochote, analima kihamba chake, anacheza mpira, anachangia harusi. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2002. Maana yake aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Tazamaneni. Ni karibu ukumbi mzima.

Na kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya havilisisitizi vya kutosha. Kirusi B kinaweza kuleta saratani kabla hata ini halijawa na makovu. Na huku kwetu Afrika saratani hii inawahi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya wagonjwa kutoka nchi kadhaa za Afrika, ulikuta kwamba ukiiondoa Misri, umri wa katikati wa wagonjwa ulikuwa miaka 45 hivi, na nusu yao walifariki ndani ya miezi miwili na nusu hivi tangu kugundulika. Miaka 45 hivi, ndugu zangu. Mtu ana watoto sekondari. Ndiyo maana miongozo inataka Mwafrika mwenye kirusi B aanze kufuatiliwa mapema kuliko wengine, akiwa bado kwenye miaka ya ishirini au thelathini, bila kusubiri afike 50. Na nusu hao hawakufa kwa sababu saratani yao ilikuwa ya ajabu. Walifika tumbo limejaa maji na macho ya njano, wakati hakuna cha kukata wala cha kuchoma.

HBsAg ikiwa chanya, tulieni. Inarudiwa baada ya miezi sita kuthibitisha kwamba kirusi kimebaki. Kisha kinachofuata ni kujua hali ya ini, na hapa nawaletea habari njema, kwa sababu vipimo vyake vipo karibu kila hospitali ya wilaya. Tunahitaji kimeng'enya kinachoitwa AST na idadi ya chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, ile iliyopo kwenye kipimo cha picha kamili ya damu. Gawanya AST kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako, zidisha mara 100, gawanya kwa chembe sahani. Tuseme AST ni 80 na kiwango cha juu ni 40, unapata 2. Mara 100 ni 200. Chembe sahani ni 120. Jibu ni 1.67. Hesabu hiyo inaitwa APRI. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema kwa mtu mzima ikizidi 0.5 kuna makovu ya kutia shaka, ikizidi 1 mtazame kama mwenye sirosisi. Kijana wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa, na inatuambia nani apewe kipaumbele cha dawa na cha altrasaundi. Kuliko kumpima AFP mtu nisiyemjua, ningempima HBsAg na APRI mara kumi.

Dawa zipo. Tenofovir, ambayo wengi mnaijua kwenye tiba ya VVU, inakilaza kirusi B na kupunguza hatari ya saratani. Haiimalizi hatari hiyo, kwa hiyo anayemeza dawa naye aendelee kufuatiliwa.

Na msidanganyike na majibu ya utendaji wa ini kuwa mazuri. Ini ni kubwa na lina akiba. Uvimbe wa sentimita tatu unaweza kukaa pembeni na vimeng'enya vyote vikasoma kawaida.

Naombeni niwapeleke China kidogo, kwa sababu kuna jambo lilitokea huko ambalo kila anayepanga huduma za afya mkoani Kilimanjaro na Arusha angepaswa kulijua.

Karibu na mdomo wa mto Yangtze kuna mahali panaitwa Qidong, penye saratani ya ini nyingi sana. Kuanzia mwaka 1989 watafiti waliwachukua wanaume zaidi ya 5,500 wenye kirusi B. Wengi wao walipimwa AFP kila baada ya miezi sita, waliobaki hawakupimwa. Kipimo kilifanya kazi yake: saratani ziligunduliwa mapema zaidi. Lakini mwisho wa hesabu, vifo katika makundi yote mawili vilikuwa karibu sawa. Kugundua mapema hakukuwaokoa, kwa sababu tiba iliyofuata haikutosha. Ng'ambo ya mto, Shanghai, watu karibu 19,000 wenye kirusi B au waliowahi kuugua homa ya ini waligawanywa vilevile, ila hawa walipimwa AFP pamoja na altrasaundi, na mjini kulikuwa na wapasuaji. Huko vifo vya saratani ya ini vilipungua kwa asilimia 37, hata ingawa wengi walikosa baadhi ya miadi. Wataalamu wameukosoa utafiti wa Shanghai kwa namna ulivyopangwa, na ni haki yao. Mimi nikiviweka viwili hivi pamoja napata fundisho moja ambalo sioni pa kulikwepa: damu inayopimwa bila picha na bila meza ya upasuaji nyuma yake inampa mtu habari mbaya mapema tu.

Kwa hiyo mzee anayeniuliza, nikigundulika mapema nitakwenda wapi, ameuliza swali la haki, na asijibiwe kwa maneno ya kumtuliza. Uvimbe mdogo unaweza kukatwa, au kuchomwa kwa sindano ya joto, au kuzibiwa mshipa unaoulisha. Si kila hospitali inaweza. Ndiyo maana tuna rufaa, kutoka zahanati hadi hospitali za mkoa, Mawenzi au Mount Meru, hadi hospitali ya kanda, KCMC, na kwa mengine hadi Dar es Salaam. Maoni yangu, na nayasema waziwazi: kituo kisichoweza kumwambia mgonjwa hatua inayofuata baada ya AFP kupanda, kisichukue damu hiyo. Kimpe barua ya rufaa kwanza.

Kuna alama mpya, nitazipitia haraka. AFP-L3 ni sehemu ya AFP inayoelekea zaidi kutoka kwenye saratani. PIVKA-II ni protini ya kugandisha damu iliyotoka ikiwa haijakamilika. Hupanda kwa saratani ya ini, lakini hupanda pia kwa mtu anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aliyepungukiwa vitamini K. Wataalamu wameziunganisha hizo mbili na AFP, jinsia na umri, wakapata alama moja iitwayo GALAD, nayo inafanya vizuri kuliko AFP peke yake. Nazipenda. Lakini mkoa ambao watu wake wengi hawajui hali yao ya HBsAg hauna haraka na GALAD.

Moja tu nitalisimamia kidogo, kwa kuwa linatuhusu jikoni. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, mara nyingi huharibu jeni iitwayo TP53 mahali palepale, na watafiti nchini Gambia waliweza kuiona alama hiyo kwenye damu ya wagonjwa. Sumu iliyoliwa kwenye ugali inaacha sahihi yake ndani ya mtu. Na utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba mwenye kirusi B ambaye pia anakula sumukuvu, hatari yake ilikuwa takribani mara 60 ya asiye na vyote viwili. Mnakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walivyokufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Manyara ni jirani zetu, na mahindi ya huko tunayanunua. Kupika hakuiondoi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si ardhini, yakauke kabisa kabla ya kuingia guniani. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu zitolewe na zitupwe. Wasipewe kuku, wasipewe ng'ombe. Sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Nimebakiza muda wa maswali, nitajibu matatu niliyoletewa kwenye vikaratasi.

Ndugu mmoja anauliza kuhusu dawa za kusafisha ini zinazouzwa kwenye chupa. Ini halisafishwi. Katika maabara tunaona vimeng'enya vya watu waliokunywa mchanganyiko wa mizizi vikiwa vimepanda mara nyingi kuliko kawaida. Ukiwa na kirusi B, chupa hiyo ni hatari kwako kuliko kwa mwenzako.

Wa pili anasema ana kirusi B, anatumia tenofovir, AFP yake imekuwa 4 kila mara, je, aendelee na altrasaundi? Ndiyo, kila miezi sita. Hiyo 4 inafurahisha, lakini uvimbe mchanga unaweza kukaa ndani ya 4.

Wa tatu ni mama ambaye mume wake alifariki kwa saratani ya ini mwaka jana. Pole sana, mama. Anauliza kama watoto wake watatu wapimwe AFP, na yeye je? Mama, wewe na watoto wote mpimwe HBsAg, na ndugu za marehemu wa tumbo moja vilevile, maana kirusi hiki mara nyingi hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto na huzunguka ndani ya nyumba. Atakayekutwa nacho aanze kufuatiliwa kama nilivyoeleza. Ambaye hana, na hakuchanjwa, apate chanjo: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. AFP kwa watoto wasio na kirusi haihitajiki.